Upepo Unaorudi

Jumamosi ile asubuhi Mhoja alikuwa nyuma ya nyumba yake, pale Kwihara, akichonga mzinga. Gogo lilikuwa limekauka vizuri na tezo ilikuwa kali. Kila alipopiga, vibanzi vilimrukia miguuni. Mkewe Eustadia alikuwa akianika mihogo kwenye mkeka. Redio ndogo ilining'inia kwenye msumari, ikijisemea yenyewe.

Ulikuwa mwezi wa tano. Mvua za Tabora zilikuwa zimekatika, na siku za kurina asali zilikuwa zinakaribia. Mhoja alikuwa na mizinga mia moja na kumi porini. Watu wa Kwihara walimwita fundi, naye hakuwakataza. Kusema kweli, alijua mengi. Kasoro yake ilikuwa moja tu: alichokijua yeye, alikiona kinatosha dunia nzima.

Redio ikasema kuna kimbunga baharini. Ikasema kinaelekea pwani ya kusini, na kwamba alasiri ile ile kingeingia nchi kavu. Eustadia akaacha mihogo yake.

"Baba Benja, umesikia? Si ndiko aliko mtoto?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Kwani kimbunga ni kitu kigeni? Hapa kila mwaka mvua za kwanza zikija, kinatuezulia mabati. Tumekufa?"

Benjamini alikuwa mtoto wao wa pekee. Miaka mitatu nyuma alihamia pwani, yeye na mkewe Kabula, katika kijiji cha Mkokoni. Wanyamwezi na Wasukuma wengi wamehamia kusini na ng'ombe wao. Benjamini hakuwa na ng'ombe. Alikwenda na tezo aliyopewa na baba yake. Alipofika aliikuta mikoko imechanua, na nyuki wamejaa kwenye maua. Basi akachonga mizinga arobaini, akaitundika huko huko kwenye mikoko, hatua chache kutoka maji ya bahari.

Katika nyumba ya Mhoja kulikuwa na sheria moja ya upepo. Zamani, Benjamini akiwa mdogo, upepo mkali uliangusha mizinga thelathini usiku mmoja. Mhoja akalala, akasema ataitazama kesho. Asubuhi alikuta nyegere wameipasua yote. Hakikubaki hata kipande cha sega. Mwaka ule walikula kwa shida sana. Tangu hapo alimfundisha mwanawe maneno haya, na alimfanya ayarudie: upepo ukikatika, toka. Usisubiri kukauke. Toka mbio uende kwenye mizinga.

Saa tatu simu ililia. Alikuwa Benjamini. Nyuma ya sauti yake upepo ulikuwa ukivuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mnaendeleaje huko?"

"Upepo umeanza tangu alfajiri. Mwenyekiti wa kijiji amepita na kipaza sauti. Anataka sote twende shuleni, kule mlimani. Ndiyo nyumba imara pekee hapa. Anasema tusitoke mpaka atangaze mwenyewe."

"Nenda. Mpeleke na mkeo. Nyumba yako ya makuti haifai."

"Na mizinga, baba? Yote arobaini imejaa. Nilitaka kurina wiki ijayo."

Mhoja aliweka tezo chini. Hapo sasa waliingia kwenye kazi anayoijua.

"Sheria si unaijua? Kaa ndani wakati unavuma. Ukikatika, toka mbio. Usiwangoje watu na matangazo yao."

"Lakini mwenyekiti anasema..."

"Mwenyekiti ana mizinga mingapi?"

Benjamini akacheka. Eustadia naye akacheka, ingawa hakupenda. Kisha simu ikakatika.

Saa nane mchana Bi Swaumu alikuja kuchukua asali. Bi Swaumu alikuwa mzaliwa wa Ng'ambo, mjini Tabora. Alikuwa amestaafu, na sasa alilima shamba dogo pale Kwihara, jirani na Mhoja. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kupima mvua, joto na upepo katika kituo cha hali ya hewa. Watoto wa Kwihara walimwita Bibi Mvua. Alikuwa mkubwa kwa Mhoja kwa miaka kama minane.

"Shikamoo, dada," Mhoja alisema.

"Marahaba. Mama Benja, unapika nini kwenye sufuria kubwa hivyo?"

"Uji wa togwa," Eustadia alisema. "Kesho jumuiya inasali hapa kwetu. Karibu ukae, dada."

Bi Swaumu akakaa kwenye kigoda, lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyekuja kupiga soga.

"Nimesikia redio," alisema. "Kijana wenu yuko kusini. Mmeongea naye?"

"Tumeongea," Mhoja alijibu. "Yuko shuleni, mlimani. Hana neno. Upepo ni upepo tu, dada. Leo kwao, kesho kwetu."

"Hapana," Bi Swaumu alisema. "Huo si upepo wetu."

"Una tofauti gani?"

"Upepo wetu unatoka kwenye wingu moja la radi. Unapiga nusu saa, saa moja, unaezua mabati, unakwisha. Kimbunga cha baharini ni kitu kingine. Kinazaliwa juu ya bahari yenye joto. Maji yakipata joto sana, mvuke mwingi unapanda juu. Hewa ya pembeni inakimbilia pale ulipotoka. Ikikimbia inaanza kuzunguka, na mawingu yanazunguka nayo. Kinaweza kuwa kipana kama kutoka hapa mpaka Shinyanga, hata zaidi. Upepo wake unapita mbio kuliko basi la barabara kuu."

"Sasa mbona hakifiki huku?" Eustadia aliuliza.

"Kwa sababu chakula chake ni maji ya moto ya bahari. Kikipanda nchi kavu kinakosa chakula, kinadhoofika. Huku kwetu pengine tungepata mawingu na mvua tu. Kwa hiyo sisi watu wa bara hatukijui. Tunalijua jina."

Mhoja hakupenda kuambiwa kuna kitu hakijui, tena mbele ya mkewe. Akasema, "Hata kiwe kikubwa vipi, kitavuma, kitakwisha. Nimemwambia Benja kikikatika tu atoke akaokoe mizinga yake."

Bi Swaumu akamtazama.

"Umemwambia nini?"

"Upepo ukikatika, atoke."

Bi Swaumu alisimama, akauchukua mwiko kutoka mkononi mwa Eustadia, akaukoroga uji kwa nguvu, akizungusha upande mmoja. Uji ukakimbia ukizunguka sufuria. Katikati pakafanyika shimo.

"Tazama hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pembeni uji unakimbia. Katikati pale pametulia. Kimbunga nacho kiko hivi. Katikati kina jicho. Ndani ya jicho hakuna upepo, mvua inakoma, pengine hata jua linaonekana. Jicho likipita juu ya kijiji, watu wanadhani kumekwisha. Kumbe wako katikati tu. Nusu ya pili inakuja nyuma. Upepo unarudi, Baba Benja. Unarudi kutoka upande mwingine, na nguvu zile zile."

"Unarudi baada ya muda gani?"

"Haijulikani. Dakika kumi na tano. Saa moja. Mtu aliyeko njiani hana pa kujificha."

Eustadia akashika kichwa. "Mayu wane, mama yangu! Na mizinga iko baharini!"

"Baharini wapi?" Bi Swaumu aliuliza haraka.

"Kwenye mikoko," Mhoja alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ufukweni kabisa."

"Basi piga simu. Piga sasa hivi. Upepo ule unasukuma bahari. Maji yanapanda nchi kavu, marefu kuliko mtu. Kwenye vimbunga vingi maji yanaua watu kuliko upepo."

Mhoja alipiga. Alikosea kubonyeza, akaanza upya. Ile sauti ya mwanamke ikamwambia namba anayopiga haipatikani. Akapiga tena, ikawa hivyo hivyo. Akapiga mara tano. Hakuwahi kuogopa hivyo, hata siku aliyokanyaga nyoka porini.

"Mpigie Kabula," Eustadia alisema.

Simu ya Kabula iliita. Iliita kwa muda mrefu, kisha ikapokelewa.

"Baba, shikamoo! Tumepona!" Kabula alisema. Alikuwa akicheka na kulia pamoja. "Ulikuwa unavuma kama utang'oa shule. Sasa umekatika kabisa. Hata jua linaonekana. Watu wako uwanjani wanamshukuru Mungu."

"Benja yuko wapi?"

"Ametoka sasa hivi. Amekwenda kwenye mizinga. Mwenyekiti amemzuia, lakini amesema baba yake ni fundi na ndiye aliyemwagiza."

Mhoja alifunga macho. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwambia mtoto wake kwamba amekosea. Baba wa kizamani hawasemi hivyo.

"Kabula, nisikilize. Mimi nimekosea. Umesikia? Baba amekosea. Upepo haujaisha, unarudi. Mkimbilie, mwambie arudi!"

Bi Swaumu akamnyang'anya simu.

"Kabula, mimi ni Bi Swaumu. Usitoke! Usiende popote, na wewe utakufa. Hapo shuleni kuna kengele?"

"Kuna rimu ya gari. Imening'inizwa barazani."

"Ipige. Ipige kwa nguvu zako zote, usiache. Na mwambie mwenyekiti awaingize watu ndani. Mko ndani ya jicho la kimbunga. Upepo utarudi kutoka upande mwingine, kwa hiyo kaeni mbali na madirisha ya upande huo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, bibi, nime..."

Simu ikakatika. Haikupatikana tena siku ile.

Walikaa pale, watu watatu, wakitazamana. Jua la Kwihara lilikuwa linawaka vizuri. Kuku walichakura kwenye vibanzi. Uji uliungua, wala hakuna aliyejali.

Jumapili jumuiya ilikuja. Togwa haikuwepo; walimwombea Benjamini. Redio ilitaja nyumba zilizobomoka, nguzo za umeme zilizoanguka, barabara zilizokatwa na maji. Mkokoni haikutajwa. Mhoja hakula. Alikwenda nyuma ya nyumba, akalitazama lile gogo lililochongwa nusu, akarudi ndani. Maneno yake mwenyewe yalimrudia kichwani: mwenyekiti ana mizinga mingapi? Aliyachukia.

Jumanne saa nne asubuhi, namba ngeni ilipiga.

"Baba." Ilikuwa sauti ya Benjamini. "Mimi ni mzima. Kabula ni mzima."

Eustadia alipiga kigelegele, kisha akaketi chini, akalia. Lakini Mhoja aliisikiliza sauti ya mwanawe, akajua kuna jambo bado halijasemwa.

"Sema yote," alimwambia.

"Uwesu hayupo, baba."

"Uwesu ni nani?"

"Jirani yangu. Nyumba yake na yangu zilitazamana. Nilipotoka shuleni, alinifuata. Yeye hana mizinga. Nilimwambia kwetu upepo ukikatika umekwisha, naye akasema basi atanisaidia kubeba ngazi. Tulipofika chini, tulikuta bahari imerudi nyuma sana, imeacha tope. Tukafurahi. Tukasema, tazama, hata maji yamekimbia." Benjamini akaendelea, "Halafu nikasikia rimu. Ile ya shule. Ikipigwa tu, ikipigwa, haiachi. Nikamwita Uwesu, nikamwambia turudi, huko kuna jambo. Akasema, tangulia, naushusha huu mmoja nakuja. Alikuwa tayari juu ya ngazi."

"Kisha?"

"Kisha upepo ukarudi. Ukatokea baharini. Nilikuwa nusu ya mlima. Nikashika shina la mkorosho. Bati limeruka sijui kutoka wapi, limenikata mkono. Vidole viwili vimekwenda. Nilitambaa mpaka shuleni. Nilipogeuka kutazama chini, palikuwa hapana ufukwe. Palikuwa na maji tu, mpaka kwenye paa la nyumba yangu."

"Na Uwesu?"

"Jana wamemkuta kwenye mikoko. Leo tumemzika."

Mhoja aliisikia simu ikikatika, akaendelea kuishika sikioni.

Wiki ile ile alisafiri. Safari ilichukua siku tatu, maana barabara ya kusini ilikuwa imekatwa na maji mahali pawili. Aliposhuka Mkokoni, kitu cha kwanza alichokiona ni minazi. Mingine ilikuwa imelala kuelekea kaskazini, mingine imelala kuelekea kusini, imepitana. Hakuhitaji kuambiwa. Kaskazini palikuwa na bahari, maana kijiji kiko kwenye ghuba. Kusini palikuwa na nchi kavu. Upepo wa kwanza ulitoka kusini, ukasukuma bahari nyuma. Upepo wa pili ulitoka kaskazini, ukairudisha yote kwa mpigo mmoja. Kila kitu alichosema Bi Swaumu juu ya sufuria ya uji kilikuwa kimelala pale chini, mtu anaweza kukihesabu.

Mashamba ya ufuta yalikuwa maziwa ya tope. Visima viliingiwa na maji ya chumvi, pamoja na uchafu wa vyoo vilivyobomoka. Muuguzi alikuwa akipita na ndoo za dawa, akisema maneno yale yale kila mlango: "Chemsheni maji. Msinywe bila kuchemsha. Kipindupindu hakiko mbali. Na waya wa umeme uliolala chini usiguswe, hata kama mnadhani umekufa." Mtoto mmoja alikuwa ameshaanza kuharisha. Dhoruba ilipita kwa siku moja, lakini madhara yake yalikuwa bado yanafanya kazi.

Mizinga arobaini haikubaki hata mmoja. Benjamini alimwonyesha baba yake mahali ilipokuwa. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji, na ngazi haikuonekana. Mhoja hakusema kitu juu ya mizinga.

"Nipeleke kwa mjane," alisema.

Hafsa, mke wa Uwesu, alikuwa ndani ya darasa moja la shule, amekaa eda kwenye kona iliyozibwa kwa kanga. Nyumba yake haikuwepo tena. Mhoja hakuruhusiwa kumwona. Aliketi upande wa pili wa kanga, kwenye dawati la watoto, magoti yakimfika kifuani.

"Mwanangu," alisema. "Mimi ni baba yake Benjamini. Nimetoka Tabora kuja kukupa pole."

"Ahsante," sauti ilisema nyuma ya kanga.

"Na nimekuja kusema neno jingine. Mumeo alitoka kwa sababu Benjamini alimwambia upepo umekwisha. Benjamini alisema hivyo kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Sikujua, nikasema kama ninayejua. Lile neno lilitoka kinywani mwangu."

Watoto walikuwa wakipiga kelele nje. Mhoja alitaka atukanwe. Aliona ingekuwa nafuu.

"Nimekusikia, mzee," Hafsa alisema mwishowe. "Siwezi kukuambia si kitu. Ni kitu. Ameacha watoto watatu. Lakini usinieleze mimi peke yangu. Mimi tayari najua upepo unarudi. Nenda ukawaambie wasiojua."

Mhoja alitoka nje akalia, mtu mzima na mvi zake, na watu walimwona.

Jioni ile mwenyekiti aliitisha mkutano uwanjani. Mhoja alisimama mbele yao. Hakujiita fundi. Alieleza alivyomwagiza mwanawe kwenye simu, na alivyomdharau mwenyekiti kwa sababu hana mizinga. Wengine waliguna. Mzee mmoja akasema kwa uchungu kwamba watu wa bara wakae na maneno yao bara. Mhoja akasema ni kweli. Kisha akaomba sufuria na mwiko, akawaonyesha jicho la kimbunga kama alivyoonyeshwa yeye. Wavuvi wenye umri mkubwa walitikisa kichwa. Hata wao, waliozaliwa pale pwani, wengi hawakuwahi kukaa ndani ya jicho. Vimbunga haviji kwao kila mwaka.

"Nani aliyepiga rimu siku ile?" mtu aliuliza.

"Mimi," Kabula alisema. Viganja vyake vilikuwa bado na malengelenge yaliyopasuka. "Ila nilichelewa."

"Hukuchelewa," Benjamini alimwambia. "Mimi niko hapa."

Wakakubaliana jambo moja. Kimbunga kikija tena, na upepo ukikatika ghafla, rimu itapigwa bila kukoma. Itapigwa mpaka upepo urudi. Rimu ikilia, hakuna kutoka, awe na mizinga au awe na dhahabu. Nyuma ya dirisha la darasa, sauti ya mwanamke ikasema, "Nikitoka eda, kazi hiyo nipeni mimi."

Mhoja alirudi Kwihara. Msimu ule wa asali, kila kijiji alikopeleka asali alieleza habari ile, kwa maana kila kijiji kina mtoto aliyehamia kusini. Wakati mwingine Bi Swaumu alikwenda naye. Mtu akisema "upepo ni upepo tu", Mhoja ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkatiza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa nne, redio ilitangaza tena. Kimbunga kilikuwa baharini, kinaelekea kusini. Mhoja alizima redio, akapiga simu kabla haijaisha dakika moja.

"Tumeanza kujiandaa tangu jana, baba," Benjamini alisema. "Tahadhari ilitolewa siku tatu kabla. Nyumba mpya tuliijenga juu, lakini hatutalala humo. Tumebeba maji ya kunywa kwenye madumu, unga, dagaa wakavu, dawa za mtoto wa jirani, tochi na redio. Vyeti na vitambulisho viko kwenye mfuko wa nailoni. Simu zote zimejaa chaji. Mbuzi tumewapandisha mlimani."

"Vizuri. Na mwenyekiti anasemaje?"

"Anasema kesho saa sita mchana kila mtu awe ndani."

"Fanyeni anavyosema."

Kesho yake alasiri, Mhoja, Eustadia na Bi Swaumu walikaa kwenye vigoda vile vile. Simu ilikuwa juu ya kinu, katikati yao. Saa kumi na robo ililia.

"Baba, umekatika," Benjamini alisema. "Kimya kabisa. Nje kuna jua."

"Uko wapi?" Mhoja aliuliza.

"Niko mlangoni, ndani. Nimesimama nimeziba njia. Mzee mmoja anataka kwenda kutazama mashua yake. Namwonyesha vidole vyangu."

"Amekubali kukaa?"

"Amekaa. Sikiliza, baba."

Benjamini aliinua simu juu. Kutoka pwani, mbali sana na Kwihara, chuma kilisikika kikigongwa. Kiligongwa kwa mwendo mmoja, bila haraka na bila kuchoka.

"Nani anapiga?" Eustadia aliuliza.

"Ni Hafsa," Benjamini alisema. "Kabula alitaka kumpokea, amekataa."

Watu watatu wa Kwihara walisikiliza. Iliendelea hivyo dakika ishirini na tano. Kisha, nyuma ya mlio ule, walisikia upepo ukija kutoka upande wa baharini, kwanza kama mtu anayekokota matawi, kisha ukajaza simu nzima. Mtu akapiga kelele mlango ufungwe. Rimu ikanyamaza. Simu ikakatika.

Usiku haukuwa mrefu kama ule wa mwaka uliotangulia, lakini hawakulala. Alfajiri Benjamini alipiga. Paa la darasa moja lilikuwa limekwenda. Ufuta ulikuwa umezama tena, na bahari ilikuwa imefika pale pale ilipofika mwaka jana. Mwenyekiti alikuwa ameita majina yote kwenye daftari, moja moja, mtu mmoja mmoja akiitika. Majina mia tatu na kumi na mawili. Wote waliitika.

"Alipofika kwenye nyumba ya Uwesu," Benjamini alisema, "aliita Hafsa na watoto watatu. Kisha akasimama kidogo, ndipo akaendelea."

"Mungu amrehemu," Mhoja alisema.

"Amina."

Benjamini alikuwa ametundika mizinga mipya kumi na miwili baada ya ule msiba. Mhoja mwenyewe alichonga sita kati ya hiyo, akaituma kwa lori. Lakini siku ile hakuuliza habari za mizinga.